Nyumba Kumi za Kaizari na Nyumba Kumi za Ruiru

Mwaka 1644 Wamanchu waliingia Beijing. Walikuwa watu wa kaskazini-mashariki, kutoka nje ya Ukuta Mkuu, na walikuwa wachache mno wakilinganishwa na Wachina waliotaka kuwatawala. Nasaba yao, Qing, ingedumu hadi 1912. Lakini mwaka ule wa kwanza hakuna aliyejua kama watamaliza hata miaka kumi. Basi wakatoa amri ambayo Mkenya wa leo angeielewa bila mkalimani: nyumba zihesabiwe kumi kumi, na kila kumi ziwe na mtu wa kuzijibia.

Utaratibu huo ulipokomaa ulikuwa hivi. Nyumba kumi ziliitwa pai. Pai kumi zilifanya jia, yaani nyumba mia. Jia kumi zilifanya bao, nyumba elfu. Kila ngazi ilikuwa na kiongozi wake, na mfumo mzima uliitwa baojia. Mlangoni pa kila nyumba palitakiwa kubandikwa karatasi yenye jina la mwenye nyumba na hesabu ya wanaume waliokomaa waishio humo. Mgeni akija, aandikwe katoka wapi. Mwenyeji akisafiri, aandikwe kaenda wapi. Jirani akiiba, akichezesha kamari, akimficha mtoro au akifuata dini iliyopigwa marufuku, wenzake wa kumi lile walitakiwa kwenda kusema. Wakinyamaza, adhabu nayo ni yao.

Sasa ruka miaka 369. Mnamo Septemba 21, 2013, magaidi walishambulia jengo la Westgate, Nairobi, na watu 67 wakauawa. Muda si muda serikali ikaja na mpango uliopewa jina tunalolijua sote: Nyumba Kumi. Joseph Kaguthi, aliyewahi kuwa mkuu wa mkoa, akapewa kuusimamia. Tuliambiwa kwamba jina na wazo vimetoka Tanzania, ambako TANU iliweka mabalozi wa nyumba kumi tangu katikati ya miaka ya 1960. Sidai kwamba kuna mtu aliyepeleka faili la Wamanchu Dodoma, kisha likapanda basi hadi Nairobi. Kumi ni hesabu ya vidole, na serikali yoyote ina vidole. Ninachodai ni kwamba hakuna dola iliyoujaribu mpango huu kwa muda mrefu na mahali pakubwa kama Qing, na majibu waliyoyapata yanatuhusu sisi tunaoishi kando ya barabara ya Thika kuliko tunavyodhani.

Mimi nafundisha historia Thika na napanga nyumba Ruiru. Kwa hiyo barabara hiyo naijua kwa matako, kama tunavyosema mtaani: asubuhi matatu, jioni matatu. Ilijengwa na kampuni za Kichina, ikafunguliwa rasmi na Rais Kibaki Novemba 2012, na baada yake mji ukafura. Sensa ya 2009 iliikuta Ruiru na watu takriban 240,000. Ya 2019 iliwakuta zaidi ya 490,000. Yaani ndani ya miaka kumi, kwa kila mtu aliyekuwapo, alikuja mwingine akasimama kando yake. Kimbo, Kihunguro, Mwihoko, Gatong'ora, mashamba yaliyokuwa ya kahawa yameota ghorofa tano tano. Thika nayo, mji wa viwanda tangu zamani, ikapita 250,000. Hapa Ruiru karibu kila mtu ni wa kuja. Ukiuliza mtu kwao ni wapi, hakuna anayejibu "Ruiru." Atakutajia Murang'a, Kitui, Kisii, Busia, Garissa.

Katika mji kama huu, mzee wa nyumba kumi anaanzia wapi?

*

Kabla ya kumjibu, turudi China, kwa sababu swali hilo lilimkwaza mtu mwenye cheo kikubwa zaidi.

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1700, China ilikuwa na watu takriban milioni 300. Wilaya zake zilikuwa kama 1,300. Kila wilaya ilikuwa na hakimu mmoja aliyetumwa na Beijing, na huyo ndiye aliyekuwa serikali: anahukumu kesi, anakusanya kodi, anasimamia mitihani, anatafuta wezi, anaombea mvua ukame ukija. Ukigawa hesabu hiyo unapata mtu mmoja kwa watu zaidi ya 200,000. Ni kama kumpa afisa mmoja Thika nzima, bila simu wala gari, kisha umwambie akitokea mwizi Makongeni ni juu yake.

Tena hakimu huyo alikuwa mgeni. Sheria ya Qing ilikataza afisa kutumikia mkoa aliozaliwa, ili asije akawapendelea jamaa zake. Wazo ni zuri, lakini lilimfikisha mtu mahali asipojua njia wala ukoo, na mara nyingi hata lugha ya wenyeji haielewi. Baada ya miaka michache anahamishwa. Watu walimwita baba na mama yao, ila alikuwa mzazi wa kupita. Waliobaki ofisini miaka nenda miaka rudi ni makarani na matarishi. Hao walikuwa wenyeji, na mishahara yao ilikuwa haba au haikuwapo kabisa. Waliishi kwa ada: ya kupokea mashtaka, ya kuandika, ya kupeleka wito, ya kumfungua mtu pingu. Sisi tuna neno fupi zaidi la ada kama hizo. Tunaziita chai.

Baojia ndiyo iliyotakiwa kuziba pengo kati ya hakimu mmoja na watu laki mbili. Na hapa Wamanchu walifanya uamuzi mmoja ambao nimeufikiria sana. Katika kila kijiji walikuwapo watu wenye heshima tayari: wasomi waliofaulu mitihani ya serikali, wenye mashamba, wazee wa koo. Hao wangeweza kuongoza nyumba kumi bila taabu. Lakini Beijing iliwaogopa. Mkubwa wa kijiji akipewa pia daftari la serikali, nani atamweza? Kwa hiyo uongozi wa baojia ulikusudiwa watu wa kawaida, na wasomi wenyewe hawakuutaka, maana kuripoti kwa tarishi ilikuwa aibu kwa mtu aliyesoma.

Matokeo yake yanafikirika. Kazi ikamwangukia mnyonge. Halipwi. Hana nguvu ya kumgusa tajiri wa kijiji, na tarishi akija kutoka wilayani ndiye wa kwanza kukamuliwa: daftari halijajazwa, toa ada, mwizi hajapatikana, toa ada. Akimripoti jirani, anaishi naye kwa uadui maisha yake yote. Asiporipoti, anachapwa bakora wilayani. Mtu mwenye akili alikwepa cheo hicho kama ukoma. Waliokipata walijifunza ujanja mmoja: kuandika daftari lisilomdhuru mtu yeyote. Majina ya mwaka jana yalinakiliwa mwaka huu. Waliokufa waliendelea kuishi kwenye karatasi, na waliozaliwa hawakuzaliwa.

Kaizari Yongzheng aliamuru mfumo ukazwe upya mwaka 1726. Waliomfuata wakaamuru tena. Dola haiamuru jambo lilelile mara tano kama mara ya kwanza lilitii.

*

Nikimsikia mtu akisema Nyumba Kumi haijafanya kazi kwa sababu Wakenya ni wakaidi, humkumbusha pia kwamba sisi tumewahi kuandikwa sana. Tuna kumbukumbu.

Mwaka 1912, yaani mwaka uleule mtoto wa miaka sita aitwaye Puyi alipoachishwa kiti cha enzi Beijing na Qing ikaisha, serikali ya kikoloni ya Kenya ilipitisha sheria ya mamlaka ya wenyeji iliyowapa machifu na vinara wa vijiji nguvu za kutoa amri, kukusanya watu wa kazi za umma, na kuwa na askari wao. Hatua hii ilikuwa kinyume cha ile ya Wamanchu. Qing walimwogopa mkubwa wa kijiji, wakampa kazi mnyonge. Waingereza walifika Kiambu kwa Wagikuyu, watu wasiokuwa na chifu, waliotawaliwa na mabaraza ya wazee yaliyoitwa kiama, wakachagua watu waliowafaa wakawafanya wakubwa. Kinyanjui wa Gathirimu aliinuka hivyo, kwa urafiki wake na wageni wa kwanza, hadi akawa chifu mkuu. Hakimu wa Kichina alikuwa na nguvu bila kuwajua watu. Chifu wa Kiambu aliwajua watu, na ghafla akapata nguvu ambazo watu hao hawakumpa wala hawakuweza kumnyang'anya.

Ruiru na Thika zenyewe hazikuwa hata chini ya chifu. Zilikuwa nchi ya walowezi, ukanda wa kahawa na mkonge kati ya hifadhi ya Wagikuyu na Ukambani. Reli ilifika Thika mwaka 1913 na mashamba yakataka mikono. Mwaka 1919 Gavana Northey alitoa waraka wa kuwataka machifu wawahimize vijana waende kazini kwa wazungu, na sote tunajua maana ya "kuhimiza" anaposema gavana. Wakati huohuo ikaanza kutekelezwa sheria ya kipande: kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi abebe karatasi yenye jina lake, alama za vidole, mwajiri wake, mshahara wake, na tarehe za kuanza na kuacha kazi. Iliwekwa ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Wagikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Kwa Qing karatasi ilibandikwa mlangoni. Kwetu mlango ulikuwa kifua cha mtu.

Harry Thuku, mzaliwa wa Kambui, si mbali na Ruiru, ndiye aliyeliweka jambo hili hadharani mwaka 1921 na 1922. Alipinga kipande, kodi, na machifu waliowakusanya hata wasichana kwenda kufanya kazi za lazima. Alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika Nairobi kumdai, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mbele, polisi wakafyatua risasi. Hesabu rasmi ya waliokufa ni 21.

Kisha ikaja hali ya hatari. Chifu Mkuu Waruhiu wa Kungu alipigwa risasi Oktoba 7, 1952, na Oktoba 20 hali ya hatari ikatangazwa. Kuanzia 1954, watu zaidi ya milioni moja wa Kiambu, Murang'a, Nyeri na Embu walitolewa kwenye boma zao zilizotawanyika juu ya matuta, wakasongamanishwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mahandaki. Palikuwa na kafyu, ngome ya walinzi, na adhabu ya pamoja: kijiji kikishukiwa kuwalisha watu wa msituni, kijiji kizima kinalipa. Wasomi wa historia ya Qing wangelitambua jambo hilo mara moja. Ni lile sharti la baojia la wote kumjibia mmoja, sasa likiwa na bunduki juu yake.

Cucu yangu aliishi katika kimoja cha vijiji hivyo upande wa Githunguri. Hakupenda kukizungumzia, na alipokizungumzia hakutaja mzungu hata mmoja. Alitaja majirani. Nani alikuwa mlinzi wa ngome. Nani alimwonyesha nani kwa kidole. Nani baadaye, mashamba yalipopimwa upya, alipata ardhi nono kando ya mto wakati mwenye ardhi yuko kizuizini. "Adui wa mbali humjui uso," aliwahi kuniambia. "Huyu wa kwetu nilikuwa nachota maji naye."

Mwezi Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa enzi hizo jumla ya pauni milioni 19.9. Miezi michache baadaye mwaka huohuo tukaambiwa tujipange nyumba kumi kumi na kila mmoja amjue jirani yake. Sisemi nia ilikuwa mbaya. Nasema kwamba kule Kiambu nzee mzee wa miaka themanini akiona mtu anakuja na daftari, ana sababu ya kufunga mlango.

*

Kwetu walikuja mwaka 2014. Mzee wa mtaa wetu alikuwa fundi viatu, mtu mpole, na alipitia ploti yetu jioni moja na daftari la shule la miraba. Jina, nambari ya kitambulisho, kazi, kwenu wapi, unaishi na nani. Nikamwuliza, kwa kuwa ualimu hauniachi, daftari likijaa linaenda wapi.

"Kwa chifu."

"Na chifu akishalisoma?"

Akacheka. "Mwalimu, mimi sina mshahara, sina barua, hata hii kalamu nimenunua mwenyewe. Mimi nimeambiwa niandike. Naandika."

Katika milango yetu kumi, mitatu haikufunguliwa ingawa taa zilikuwa zinawaka. Kijana wa ghorofa ya chini alitoa jina ambalo nilijua si lake, labda kwa sababu ya deni, labda kwa sababu ya mwanamke. Wengine tulijibu tu ili mzee aende zake. Mtu mmoja pekee aliombwa kutoa kitambulisho, akakitoa, akaombwa tena aeleze amekuja lini na anafanya nini hasa: mama mmoja mwenye duka la vitambaa, Msomali, mzaliwa wa Garissa, Mkenya kama mimi. Ilikuwa miezi ileile ya Usalama Watch, operesheni iliyoanza Aprili 2014, ambapo maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa na wengine kuwekwa katika uwanja wa Kasarani. Mzee hakuwa na chuki naye. Alikuwa na hofu ya kuulizwa na wakubwa kwa nini hakumwuliza. Mwisho wa mwezi ule mama alihama. Jina lake, nadhani, bado limo daftarini.

Hili nalo Qing walilipitia. Mwaka 1768 uvumi ulianza mkoani Zhejiang kwamba kuna wachawi wanaokata ncha za misuko ya watu ili waibe roho zao. Kumbuka kwamba msuko ule, kipara mbele na nywele zilizosokotwa nyuma, ndio uliolazimishwa na Wamanchu tangu 1645 kuwa alama ya utii. Kwa hiyo Kaizari Qianlong alisikia uchawi, akashuku uasi. Aliwabana magavana wake: watafuteni. Magavana wakawabana mahakimu, mahakimu wakawabana matarishi, na matarishi wakawakamata waliokuwa rahisi kukamatwa. Mwanahistoria Philip Kuhn, aliyezifuata kesi hizo faili kwa faili, anaonyesha wao walikuwa akina nani: watawa wanaotembea, ombaomba, vibarua wa njiani. Watu ambao majina yao hayakuwa kwenye mlango wowote. Waliteswa, wakakiri, wakataja wengine, na hao wakataja wengine. Mwishowe wakubwa wa Beijing walipochunguza upya, ushahidi wote ukaporomoka. Hapakuwa na mchawi hata mmoja.

Mfumo unaomwadhibu mtu kwa kutoripoti huzaa ripoti. Hauzai ukweli. Na ripoti, kama maji, huteremka kwa mtu wa chini kabisa, na mtu wa chini kabisa mtaani ni mgeni.

*

Je, basi, hatari ya kweli ilipokuja, baojia iliiona? Mwaka 1813 wafuasi wa kundi la kidini la Alama Nane walipanga uasi kwa miezi, wakajipenyeza Beijing, wakasaidiwa na matowashi wa ikulu yenyewe, na kikundi chao kikaingia ndani ya Mji Uliokatazwa. Mwana wa mfalme, ambaye baadaye angekuwa Kaizari Daoguang, alilazimika kufyatua bunduki mwenyewe kuwazuia. Kaizari Jiaqing aliamuru baojia ikazwe tena, akilalamika kwamba maafisa wameigeuza kazi ya makaratasi. Kulalamika hakukusaidia. Mwaka 1851 Hong Xiuquan, mtu aliyeshindwa mitihani mara kwa mara, alianzisha uasi wa Taiping, na mwaka 1853 wakaiteka Nanjing. Vita hivyo vilidumu hadi 1864 na inakadiriwa viliua watu milioni 20 au zaidi. Nyumba kumi kumi za nchi nzima zilikuwa zimeandikwa. Hakuna aliyekuwa amesema kitu.

Lakini nisije nikakuuzia jibu rahisi. Waliowashinda Taiping walikuwa nani? Zaidi ya yote ni majeshi ya mikoani, kama lile la Hunan la Zeng Guofan, yaliyojengwa juu ya ujirani: mkubwa anawaandikisha watu wa kwao, wanaomjua na anaowajua. Wale wasomi na wakubwa wa vijiji ambao Beijing iliwaogopa ndio walioiokoa. Na hofu ya Beijing nayo haikuwa ya bure, maana baada ya vita wakubwa hao walibaki na askari, kodi na sauti, na dola ikazidi kulegea mpaka ikaanguka. Kwa hiyo ujirani una nguvu kweli. Ila ujirani peke yake si dawa. Walinzi wa ngome wa Githunguri walikuwa majirani pia.

Angalia pia Taiwan. Japani ilipoitawala, kuanzia 1898 iliichukua baojia ya zamani ikaifanyisha kazi vizuri kuliko Wachina walivyowahi. Siri yake ilikuwa polisi. Kila kiongozi wa nyumba kumi alikuwa chini ya jicho la kituo kilicho karibu, na adhabu ya pamoja haikuwa ya kutishia tu. Ilifanya kazi kwa sababu ilikuwa ukoloni. Kama hilo ndilo tunalolitaka Ruiru, basi tuseme hivyo wazi, tusilipambe kwa jina la ujamaa mwema.

Tanzania ilijaribu njia nyingine: balozi alichaguliwa na watu wa nyumba zake, akasuluhisha ugomvi wao, akaandika barua zao za utambulisho. Wengi wanamkumbuka kwa wema. Lakini alikuwa mtu wa chama, na vyama vingi viliporudi mwaka 1992 akabaki wa CCM, na jirani wa chama kingine akawa na sababu ya kupima maneno yake.

*

Ukiyaweka yote haya mezani, kutoka Beijing hadi Kiambu, swali la kweli halihusu idadi ya nyumba. Linahusu mtu mwenye daftari anamwogopa nani. Mzee wa pai alimwogopa tarishi. Chifu wa 1912 alimwogopa DC. Fundi viatu wetu alimwogopa chifu. Hakuna kati yao aliyekuwa na sababu ya kuogopa kutuangusha sisi, tulio ndani ya daftari. Tungemchagua, tungeweza kumwondoa, tungeweza kuliona alichoandika kutuhusu, tungejua kinakwenda wapi na nani anakisoma, mambo yangekuwa mengine. Sheria yetu ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inazungumzia polisi jamii kama ushirikiano kati ya polisi na wananchi. Ushirikiano una pande mbili. Daftari la miraba lilikuwa na upande mmoja.

Chifu wetu mwenyewe, kwa haki, si yule wa 1912. Mageuzi ya 1997 yaliipunguza meno sheria ya machifu, na wengi wa wanaoshika ofisi hizo leo ni watu wa kazi nyingi na vifaa vichache. Wazee wa mitaa nao wamedai malipo kwa miaka mingi, na nadhani wana haki, kwa sababu Qing walituonyesha kinachompata mtu anayepewa mzigo wa dola bila ujira: ama anaukwepa, ama anatafuta wa kumlipa. Lakini mshahara unaotoka juu tu utampa sababu moja zaidi ya kutazama juu.

Katika ploti yetu kuna jambo ambalo limefanikiwa bila kuamriwa. Maji ya Ruiru yana siku zake, na zamani kila mtu alijaza mitungi yake usiku kimyakimya kabla mwenzake hajaamka. Siku moja mama wa ghorofa ya tatu alifungua kundi la WhatsApp ili atakayeyaona maji kwanza awaamshe wengine. Leo kundi hilo linajua nani anaumwa, nani amesafiri na ufunguo wake uko kwa nani, fundi gani ni mwizi, na mtoto wa nani amechelewa kurudi shuleni. Lina majina yote kumi, ya kweli, hata la yule kijana wa ghorofa ya chini. Hakuna aliyemwomba kitambulisho. Alilitoa mwenyewe, siku alipohitaji kuamshwa kwa ajili ya maji.